Mkurugenzi wa Kwenye Swali

Nilianguka mtihani wa uhasibu mara mbili, na mara zote mbili hesabu zangu zilitoka sawa. Sisemi hivi kwa kujisifu. Kama ningekuwa nimekosea hesabu, ningejua la kufanya.

Nilikuwa karani katika duka la jumla mjini Mbeya. Uhasibu nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na masomo yaliyokuja kwa posta kutoka Uingereza. Meneja alikuwa ameniahidi nafasi ya mtunza hesabu katika tawi letu la Iringa nikifaulu. Nilipoanguka mara ya pili aliniambia, kwa upole ulionitisha kuliko ukali, kwamba angeniruhusu kwenda kwenye mtihani mara moja tu tena. Nikikosa, nafasi ingepewa mtu mwingine, nami ningebaki kuuza mabati.

Nikazidisha bidii ya aina niliyoijua. Nilichonga penseli mpaka zikawa fupi mno kushikika. Jibu la zoezi likiwa na mstari uliopinda, nililiandika lote upya.

Ndipo zoezi moja likarudi kutoka Uingereza. Swali lilisema mkurugenzi wa kampuni fulani anataka bidhaa zilizobaki stoo zihesabiwe kwa bei atakayouzia, si kwa bei aliyonunulia, ili faida ya mwaka ionekane kubwa. Mshauri mkurugenzi huyo. Nilikokotoa faida kwa njia zote mbili, safi kabisa. Chini yake, penye ushauri, niliandika: "Bila shaka mkurugenzi, kwa uzoefu wake, amekwisha kulitazama jambo hili." Msahihishaji aliandika kwa wino mwekundu: "Hujamshauri." Sehemu ile yote nilipata sifuri.

Nikampelekea karani mkuu wa dukani kwetu zoezi hilo. Alikuwa mzee ambaye wazazi wake walipanda bara kutoka pwani, kanzu yake haikuwa na doa hata siku za kupokea mafuta ya taa, na Kiswahili chake kilinifanya nikionee haya changu. Akavaa miwani, akasoma, akaivua.

"Bwana mdogo, huyu mkurugenzi ni mtu wa wapi?"

"Hana kwao, mzee. Ni wa kwenye swali tu."

"Kumbe hayupo."

"Hayupo."

"Hayupo na unamwogopa! Mimi nipo, nina ndevu, na chai yangu unaniletea imepoa."

Nilijaribu kumweleza. Kwetu Rungwe, mama akimwona baba mkwe wake anakuja njiani, aliingia migombani mpaka apite. Sisi watoto hatukuambiwa kwamba mkubwa hakosei. Tuliona tu kwamba akikosea, kosa hupewa mwenyewe mwingine: mvua, au ng'ombe. Niliyaona hayo kuwa malezi mema, na bado nayaona hivyo. Lakini mtihani ulikuwa na alama za kumwambia mkubwa kwamba amekosea, na alama hizo nilizipisha kama mama alivyompisha babu.

"Haya," alisema karani mkuu. "Kuanzia kesho mimi ni mkurugenzi. Kila asubuhi kabla hatujafungua nitakuja na upumbavu mmoja, nawe utanishauri."

Akaja nao. Siku ya kwanza alitaka kuliandika katika mali ya kampuni lori ambalo hajalinunua. Nikasema labda ingefaa kusubiri.

"Labda kamwulize mganga. Mimi nataka jibu."

Alidai mambo matatu: hukumu, sababu, na la kufanya. La nne, alisema, ni kupoteza wino.

Asubuhi moja alisema anafikiri kununua redio kwa fedha alizoweka za mahari ya mwanawe. Sikujua kama aliyesema ni mkurugenzi au yeye mwenyewe.

"Usinunue, mzee."

Akaenda kufungua mlango wa duka. Mpaka adhuhuri nilipanga mabati ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Aliporudi kutoka msikitini alisimama mlangoni.

"Nusu ya alama," akasema. "Hukutoa sababu."

Redio aliinunua.

Siku ya kwenda Iringa kufanya mtihani, basi lilipasuka tairi Nyololo, nami nikaliona kuwa jambo la kutarajiwa. Mtihani ulifanyika katika darasa la shule, kwenye baridi iliyomfanya msimamizi avae makoti mawili. Swali la mwisho lilikuwa na mkurugenzi aliyeezeka nyumba yake kwa fedha za kampuni, kisha akaagiza ziandikwe kuwa matengenezo ya ghala. Andaa mizania, halafu mwandikie ripoti.

Mizania ikagoma. Pande zake mbili hazikulingana, na mimi mizania ikigoma hata chakula hakipiti. Nikatafuta tofauti, nikarudia kujumlisha, nikatafuta tena. Nilipotazama saa ya ukutani niligundua jambo lililonitia aibu: nilikuwa natafuta kwa furaha. Muda wote ninaotafuta, silazimiki kumwandikia yule bwana.

Nikaandika pembeni kwamba pande mbili hazilingani na sababu sijaiona. Nikafungua ukurasa mpya.

"Fedha ulizoezekea nyumba yako si gharama ya kampuni. Ghala halikuguswa, na kuziandika hivyo kunapunguza faida na kuwadanganya wenye hisa. Ziandikwe kuwa deni lako, nawe uzirudishe."

Niliandika kwa Kiingereza, bila neno hata moja la kuomba radhi. Herufi zilipinda. Nilitaka kuzinakili upya, kengele ikalia.

Miezi ikapita. Meneja akaniita, barua mkononi, akasema nimefaulu na Iringa wananihitaji mwanzo wa mwezi. Nikamwuliza kama barua inataja alama za mizania. Akaigeuza nyuma, akasema hapana.

Nikaenda kwa karani mkuu.

"Mzee, nimefaulu, lakini ile tofauti sijajua ilitoka wapi."

"Na Iringa?"

"Nimepewa."

"Sasa unatafuta nini?"

"Tofauti."

Alinitazama kama mzigo uliofika umebonyea na umekwisha kulipiwa.

"Nenda kwenu kamwambie mama yako. Sema umefaulu, halafu ufunge mdomo."

Jumamosi nilipanda gari la Tukuyu kwenda kwetu. Mama alikuwa uani, anapura maharage. Nilimwambia nimefaulu, nikafunga mdomo. Haikuwa rahisi.