Njia ya Bigirwa

Siku ya kwanza kazini tuliripoti wawili Muleba: mimi na Bigirwa. Sote mafundi sanifu wa barabara, sote tumetoka chuo kimoja. Mkuu wetu, mhandisi mfupi mwenye sauti ya kuhubiri, alitukabidhi tepu moja ya kupimia tushirikiane. Ningejua yatakayofuata ningeomba ya kwangu.

Enzi zetu barabara ilipimwa kwa ajili ya gari. Kulikuwa na njia ya magari, kisha bega, yaani ule ukanda wa pembeni linakosogezwa gari lililoharibika, kisha mtaro wa maji. Basi. Nilipouliza akina mama wa sokoni na watu wa baiskeli watapita wapi, mhandisi hakuinua macho kwenye ramani.

"Mwenye miguu atapita majanini," alisema. "Amezoea."

Bigirwa alicheka naye. Mimi sikucheka. Siku ya soko nilimsimamisha mchuuzi wa ndizi mlimani, nikampima yeye na baiskeli yake. Wengi hupima baiskeli tupu, upana wa usukani, wakadhani wamemaliza. Lakini kwetu baiskeli yenye mzigo haiendeshwi mlimani. Inasukumwa, mikungu ikining'inia pande zote mbili, na mwenyewe anatembea ubavuni. Anayeshuka naye anahitaji pa kupita. Nilimweleza Bigirwa yote hayo akiwa ameshika ncha ya pili ya tepu. Aliitikia kwa kichwa tu.

Miaka ikapita. Mimi nilibaki Muleba nikizibua mitaro; yeye akahamishiwa Bukoba mjini, akasoma tena, akawa mhandisi. Halafu sera zikabadilika. Miongozo mipya ikataka barabara za mjini ziwe na njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, vivuko vyenye michoro ya pundamilia, na matuta karibu na shule. Nilichochekewa sasa kilikuwa agizo, na aliyepewa kulitekeleza ni Bigirwa. Niliona donge, sifichi.

Alipomaliza njia ya Rwamishenye, huko huko Bukoba, nilipanda basi kwenda kuipima. Nilikwenda nikiomba iwe nyembamba. Nilikunjua tepu kutoka ukingo wa zege hadi mtaroni, nikasoma, nikasoma tena. Ilikuwa na upana uleule niliomwambia mlimani. Bigirwa alinikuta bado nimeinama.

"Ta Mujuni, umeridhika?" aliniuliza, kwa ile "Ta" ya heshima ya kwetu.

"Vipimo ni vyangu," nilimwambia.

"Ni vyako," alisema, akageuka kuzungumza na mkandarasi.

Siku ya uzinduzi, mbele ya kipaza sauti, hakusema hivyo.

Sasa nimestaafu, nimejenga Rwamishenye. Kila mtu anaiita njia ya Bigirwa, hata mke wangu, anayeipita kwenda kanisani bila kuogopa malori. Ninyi mnaoanza kazi hii, pimeni mtu na mzigo wake, hilo nawaachia. Kuhusu wivu sina la kuwafundisha, maana wangu ulikataa kustaafu. Kwa muda mrefu nilitembea upande wa pili wa barabara, majanini, kwa ukaidi tu.

Juzi lori lilinipitia karibu mno, kofia ikaruka. Mchuuzi aliyekuwa akisukuma ndizi kwenye njia ng'ambo akaniita kwa adabu.

"Waitu mzee, pita huku kwa Bigirwa. Tunatosha."

Nikaokota kofia, nikavuka. Mikungu yake ilipita bila kunigusa mkono. Tulitosha, kwa nafasi ileile niliyoipima Muleba, na roho iliniuma hadi nyumbani.