Raba Niliyomshonea Baba

Juzi, pale Uyole, nilimkuta fundi akibadilisha raba ya ekseli ya nyuma, ile inayozuia oili isivuje, ya gari la zamani kama la baba. Harufu ya oili ikanirudisha nyumbani, nilipokuwa mtoto.

Baba alinunua raba mpya, akaiacha barazani, akaingia kunywa chai. Nikaiona imechanika toka huku hadi huku. Wamemtapeli! Na kesho yake tulikuwa tunaenda Chimala, harusini kwa shangazi. Nikachukua sindano ya magunia, nikaishona.

Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, imechanwa hivyo ili tuivishe bila kung'oa ekseli!" Akafumua uzi, akaivisha, akakaza skrubu za kuifunga.

Oili ilivuja mpaka Chimala, kupitia matundu ya sindano yangu. Shangazi alipouliza mbona gari linavuja, baba alinitazama, akajibu, "Barabara mbovu, dada."