Mke Mwenza wa Miguu Mitatu

Ng'oo! Kisha kimya kidogo, kisha kishindo kingine chepesi, kama mtu mnene aliyeketi kitini akajiweka sawa. Hiyo ni sauti ya mfuniko wa chuma ukikalia chungu chake. Naikumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa ikipita kwenye mbao za dari, juu ya kichwa changu, karibu kila alasiri tangu nianze kushona nguo mtaani Kibokoni. Cherehani ina kelele zake na bodaboda za nje zina zao, lakini sauti ile haikumezwa na chochote. Ikilia tu, najua mkate wa Bibi umeingia motoni, na si muda harufu ya iliki na tui itashuka ngazi kutufuata chini.

Bibi si bibi yangu wa damu. Yeye alikaa ghorofa ya juu ya ile nyumba, na mimi ni mmoja wa mafundi wawili wa cherehani waliokodi chumba cha chini. Nilisoma hadi darasa la nane, nikajifunza kushona, na hapo ndipo riziki yangu ilipoangukia, Mungu ashukuriwe. Siku ya kwanza aliniita kutoka juu ya ngazi.

"We wa chini! Una mikono?"

"Ninayo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi panda nayo."

Nikapanda. Kumbe mikono yake imeanza kutetemeka, na mfuniko ule ni mzito, hauwezi tena. Nikamwekea juu ya chungu, nikampangia makaa juu ya mfuniko kwa koleo kama alivyoniambia, nikarudi mbio kwenye cherehani kabla mteja hajaja. Baadaye akaniita tena niufunue, na nikapewa kipande. Tangu siku hiyo nikawa "wa chini", na kazi yangu ikawa kuweka mfuniko na kuufunua.

Chungu chenyewe ni cha chuma kizito, cheusi tii, na kina miguu mitatu. Mfuniko wake una ukingo pande zote ili makaa yasimwagike. Bibi alikiita mke mwenza.

"Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akifanya kazi gatini Mbaraki," alinihadithia. "Siku hiyo arudi nyumbani yuwacheka, ati nimekuletea kitu kutoka melini. Mimi nikadhani ni doti ya leso, au manukato. Nafungua gunia, namwona huyu! Nikamwambia, bwana, wewe hukuniletea zawadi, umeniletea mke mwenza. Mzito, mweusi, na hasikii la mtu."

Lakini aliishi naye miaka yote hiyo. Wali wa mumewe aliupikia humo, na zaidi ya yote mkate wa kumimina, ule wa mchele uliosagwa kwa tui, ukatiwa hamira ukaachwa uumuke. Mkate huo hauivi kwa moto wa chini peke yake. Sharti upaliwe, yaani makaa yawekwe juu ya mfuniko pia, moto uwe chini na juu, mkate katikati.

Mimi nina ndoto nyingi. Shoga yangu tunayeshona naye husema nikilala nahitaji mito miwili, mmoja wa kichwa na mmoja wa ndoto. Jioni moja nikaona kwenye simu watu wa nchi ya mbali wamepiga kambi msituni. Mmoja wao, ana ndevu hadi kifuani, amechutama akipanga makaa juu ya mfuniko wa chungu cha chuma. Nikapiga ukelele. "Tazama! Huyu kafundishwa na Bibi!" Usiku huo sikulala vizuri kwa furaha. Nikawaza siku moja nitakuwa na mahema yangu. Watu waliochoka na ofisi na bandari watakuja walale kando ya maji, na mimi nitawapikia kwa moto wa chini na juu, mpaka wasahau majina ya wakubwa wao.

Sasa, mwanawe Bibi ni mtu mwema, hilo nalisema kabla sijaendelea. Aliona ngazi zile za Kibokoni zitamwangusha mamake, akamwandalia chumba kwake Tudor, ghorofa ya tatu. Ila kule ni gesi tu. Makaa hayaruhusiwi, na miguu mitatu haikai juu ya jiko la gesi. Akasema kile chungu atapewa yule wa mkokoteni anayepita akiita, "Chuma chakavuuu! Betri mbovuuu!" Wamalizie mbali, wakiyeyushe.

Nilipolisikia hilo moyo wangu ulishuka mpaka kwenye pedali ya cherehani. Nikapanda juu bila kuitwa.

"Bibi, nipe mimi."

"Upewe ukamfanye nini?"

Nikamweleza habari za mahema. Alicheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa leso. "Watu wana vitanda vyao, waje walale mchangani na kaa?" Kisha akanitazama vizuri. "Mke mwenzangu simpi mtu wa kwenda kumtesa. Hapa kwangu kuta zakusaidia. Nenda nje, penye upepo, umimine mkate, nami nitakuja nile na kulala huko huko. Nikiweza kuula, mke mwenza ni wako. Nikishindwa, aende na mkokoteni wake."

Mwanawe aliposikia kwamba mamake anataka kulala kwenye hema, alishika kichwa. "Mama, utalala chini?"

"Kwani nitazikwa wapi, darini?"

Akamletea mto na blanketi.

Mjomba wake shoga yangu ni askari wa lango kwenye kiwanja kimoja kando ya maji, Tudor, na aliomba ruhusa kwa mwenye kiwanja tulale hapo usiku mmoja. Hema tuliazima. Marikiti nilinunua nazi na mchele, nikauloweka, nikausaga, nikatia hamira. Siku ya safari tukapanda tuktuk sisi watatu, Bibi katikati yetu kama bibi harusi, na mke mwenza mapajani mwangu. Dereva alisikia chombo chake kikinung'unika kwenye kilima, akageuka.

"Dada, umebeba nanga?"

"Si nanga," Bibi akamjibu. "Ni mke mwenzangu. Endesha taratibu, ana mimba."

Tukafika. Mikoko iko upande huu, kijisehemu cha mchanga mkavu upande ule, na daraja la Nyali laonekana kwa mbali. Shoga yangu akapambana na hema, mara limsimamie, mara limwangukie. Bibi akaketi kwenye kiti cha plastiki, tasbihi mkononi. "Leo mimi mgeni," alisema. "Mgeni hasemi jikoni."

Nikachimba kishimo, nikawasha makaa na vifuu vya zile nazi nilizokuna. Chungu kilipopata moto nikakipaka mafuta, nikaanza kumimina uji ule wa mchele. Nilipofika nusu shoga yangu akanishika mkono. "Usimalize wote. Bakisha wa asubuhi." Nikabakisha. Nikaweka mfuniko. Ng'oo! Mara ya kwanza kuisikia sauti ile bila kuta. Ilienda mpaka kwenye mikoko ikapotea.

Nikapalia. Na hapo ndipo mkono wangu uliponiponza.

Kwetu sisi tunapika kwa sufuria nyembamba. Makaa ukiyaweka juu ya mfuniko wake usipoyapepea yanakufa, chakula kinabaki na uso mweupe kama mgonjwa. Mkono wangu ulijua kushika kipepeo kabla haujajua kushika kalamu. Na kwa Bibi mimi nilikuwa naweka mfuniko nashuka, napanda naufunua. Yale ya katikati sikuwahi kuyaona hata mara moja. Nikadhani ndiyo yale yale ya kwetu. Nikapepea. Upepo wa maji ukapepea na wenyewe. Vifuu vikawaka vyekundu, nikafurahi, nikaongeza.

"Shoga," mwenzangu akasema, pua juu, "mbona panukia kama mtu kaacha pasi juu ya kitambaa?"

Nikafunua. Uso wa mkate ulikuwa mweusi kama soli. Nilipouchoma kwa kisu, katikati pakatoka uji.

Sikumtazama Bibi. Nikainama, nikajifanya napanga makaa.

"Walia?" shoga yangu akauliza.

"Moshi huu."

"Moshi gani? Wote waenda upande wangu!"

Nilikuwa nausikia mkokoteni, kweli nakwambia. Niliusikia ukipita Kibokoni na mke mwenza amelala kifudifudi kati ya betri mbovu. Nikautoa ule mkate vipande vipande, nikauweka kwenye sahani, nikaufunika na sahani nyingine ili Bibi asiuone zaidi. Kisha nikatazama uji uliobaki kwenye ndoo. Ulikuwa unaendelea kuumuka taratibu, una mapovu yake, hauna habari na mimi.

Nikageuka. Bibi alikuwa bado anavuta tasbihi, ila alikuwa ananitazama, na uso wake haukuwa wa kukasirika.

"Bibi, nikuulize."

"Uliza."

"Nikishaweka mfuniko nikashuka chini, wewe hufanya nini?"

Akafikiri kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. "Nakaa."

"Wakaa tu?"

"Nakaa. Naswali alasiri yangu, navuta tasbihi. Mke mwenza ukimkodolea macho, hununa."

Nikakumbuka kipepeo cha ukili kilichotundikwa nyuma ya mlango wake. Sikuwahi kukiona kimeshuka, ila siku akichemsha kahawa kwenye jiko dogo. Chuma kile kizito kikishapata moto kinaushika chenyewe, hakihitaji kubembelezwa. Na mimi nilikuwa nimekibembeleza hadi kikaunguza.

Nikakiacha kipoe kidogo, nikakikwangua, nikakifuta, nikakipaka mafuta upya. Safari hii nikatia makaa machache chini, vifuu nikavitupa mbali. Nikasogeza kiti cha Bibi na mfuko wetu wa nguo vikinge upepo. Nikamimina, na vitundu vilipoanza kujichora juu nikaweka mfuniko, makaa nikayapanga ukingoni, katikati nikaacha wazi. Halafu nikachukua kipepeo nikakikalia.

Ndiyo, nikakikalia! Mikono ilikuwa inawasha. Shoga yangu akaniona ninavyojipindapinda. "Wataga yai?" Nikamwambia anyamaze. Adhana ya magharibi ikatoka upande wa nyumba, tukatia udhu kwa maji ya dumu, tukaswali juu ya leso, na nikiwa kwenye sijda naomba mema ya dunia na akhera, nakiri kwamba na mkate niliutia humo humo.

Tulipomaliza nikaushika mfuniko kwa koleo na kitambaa, nikauinua sawasawa jivu lisidondoke. Sote watatu tukainama.

Uso wake ulikuwa na rangi ya korosho iliyokaangwa. Una vitundu, laini, umeumuka sawasawa. Shoga yangu akapiga kigelegele hadi mjombake akaja kutoka langoni na tochi kutazama kuna nini, na akapewa kipande.

Bibi alimega kipande chake kwa vidole vinavyotetemeka. Akatafuna polepole.

"Sukari kidogo," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Iliki yatosha."

Akamega cha pili. Alipomega cha tatu aliegemea kiti, akautazama mfuniko uliokuwa ukipoa mchangani. "Mke mwenzangu haitaki gesi," alisema. "Mimi pia siitaki, lakini mimi nina mtoto, sina budi kumsikiliza." Kisha akanisukumia chungu kwa ncha ya kiatu chake, kidogo tu. "Mchukue. Na usimwoshe kwa sabuni, nitajua."

Nilimbusu mkono.

Sasa Bibi yuko Tudor ghorofa ya tatu, na Kibokoni ikifika alasiri dari iko kimya, hata wateja wameuliza kulikoni. Siku za Ijumaa nampelekea mkate, naye huunusa kwanza kabla ya kuniitikia salamu. Mahema bado sina. Nina moja, lile la kuazima, mwenyewe kaniambia nisiharakishe kulirudisha. Namshukuru Mungu kwa hilo, na kwa shoga aliyenishika mkono nilipofika nusu, na kwa mwanawe Bibi aliyeleta mto, na kwa bibi wa watu aliyekubali kulala mchangani ili mimi nipate pa kuanzia.

Asubuhi ile tulipolala kando ya maji, wenzangu walikuwa bado usingizini. Bibi alikuwa akikoroma taratibu ndani ya hema, mguu mmoja nje. Mimi nikatoka. Maji yalikuwa yamekupwa, na kaa wadogo walikuwa wakipishana kwenye matope ya mikoko. Nikakipaka chungu mafuta ya nazi kwa kipande cha leso yangu kuukuu, ndani na nje, hadi miguuni. Kisha nikazifunua zile sahani mbili. Ule mkate wa kwanza ulikuwa hapo, mweusi juu, mbichi kati. Mchele ule ulikuwa wangu, na nazi nilizikuna mwenyewe. Sikuona haki kuwatupia kaa. Nikachukua kijiko, nikatafuta ule utando mwembamba ulioiva kati ya weusi na uji, nikakaa juu ya jiwe nikaula, kijiko kwa kijiko, mpaka nikaumaliza.