Biskuti za Chumvi na Koo la Baba

Kwetu biskuti za chumvi hazikuwa kitu cha chai. Huliwa usiku pamoja na mchuzi mzito wa nazi, mahali ambapo nyumba nyengine huweka mkate. Unga wa ngano husuguliwa na samli mpaka uwe kama mchanga mkavu, hutiwa chumvi, uzile, ile bizari nyembamba, uliotwangwa nusunusu na chembe za habasoda, kisha hushikanishwa kwa mtindi kidogo. Kazi hiyo hufanywa kwa ncha za vidole, kwa kuwa kiganja kina joto, na joto huyeyusha samli kabla ya wakati wake. Donge husukumwa, hukatwa kwa mdomo wa gilasi na hutobolewa kwa uma lisije likafura. Sufuria pana yenye mchanga hukaa juu ya seredani, jiko la makaa, mpaka mchanga upate moto sawasawa. Sahani ya biskuti huwekwa juu ya mchanga, sufuria hufunikwa kwa bati, na juu ya bati hupaliwa makaa ya vifuu vya nazi. Moto wa juu ukiushinda wa chini, biskuti huungua uso ikabaki mbichi tumboni.

Naweza kuyaeleza haya kwa utulivu sasa. Ulikuwapo wakati ambao sikuweza kulisukuma donge hilo bila ya hofu.

Baba alipatwa na kiharusi mwishoni mwa msimu wa karafuu, nami nikarudi Wete, Pemba, kutoka Unguja kumuuguza pamoja na shangazi, dada yake mkubwa. Mkono wake ulirudi. Mguu ukarudi kwa shida. Maneno yakarudi karibu yote. Koo halikurudi. Daktari alitukalisha mimi na shangazi kwenye benchi la ukumbi wa hospitali na kutueleza kwa sauti ya chini: chakula chake kiwe laini na kinene kama uji mzito, akae wima, asile kikavu, wala kinachomong'onyoka, wala asizungumze akiwa na kitu kinywani. Alipokuwa ameshainuka aliongeza jambo moja.

"Akikohoa msiogope sana. Ogopeni akinyamaza."

Baba ndiye aliyenisomesha matini za dini na sharhe zinazozifafanua nilipokuwa mdogo, na kunionya kwamba neno fupi la mwenye elimu halipitwi kwa haraka. Neno hili sikuweza kulipita hata kama ningetaka. Lilinifuata jikoni, likanifuata katika sala, likakaa nami kila nilipompelekea bakuli la uji chumbani kwake. Niliposikia kikohozi, moyo ulitulia. Kimya kilipozidi pumzi mbili tatu, nilikuwa nimeshasimama mlangoni.

Miezi ikapita hivyo, baba akila peke yake, uso umeelekea ukutani. Kabla ya maradhi, kila Alhamisi baada ya Magharibi alikuwa na wageni wawili, watu aliosoma nao chuo cha Kurani utotoni: mmoja wa kijiji cha Kiuyu, mkulima mwenye maneno mengi, na mmoja wa Wingwi, mfugaji aliyeweza kukaa jioni nzima bila ya kusema zaidi ya salamu. Walikuja mjini kwa shughuli zao, wakala kwetu, wakasali Isha pamoja naye, wakalala kwa jamaa zao. Chakula chao kilikuwa hizo biskuti. Asubuhi moja baba alilisukuma bakuli la uji.

"Alhamisi nnataka watu wangu waje," alisema. "Na biskuti."

"Baba, daktari amesema..."

"Daktari kanikataza vikavu. Hajanikataza watu."

"Na wao watakula biskuti?"

"Ndiyo."

"Na wewe, baba, utakula nini?"

Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyekosea aya anayoijua.

"Umeona wapi mtu akaita wageni, kisha akakaa kuwatazama?"

Hapo ndipo hofu yangu ilipopata umbo. Adabu ya sinia ninaijua, na ni yeye aliyenifunza. Mwenyeji hutangulia kupeleka mkono, na huwa wa mwisho kuuinua. Akiuinua mapema, mgeni huona haya, naye huuinua na njaa yake. Na mgeni mwenye adabu haachi upesi, asije akaonekana amekichukia chakula. Basi watu watatu waungwana wanaweza kuendelea kula kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, wala pasiwe na hata mmoja mwenye njaa. Kwa watu wazima hilo ni jambo la kuchekesha. Kwa mtu ambaye kila tonge kwake ni hatari, sikuona cha kuchekesha.

Nilimwambia shangazi, aliyekuwa amechutama mbele ya seredani akipepea.

"Zungumza naye," nilimwomba. "Wewe ndiye mkubwa."

"Mdogo wangu huyu hakumsikia mama yetu alipokuwa na bakora mkononi," alisema. "Atanisikia mie na kipepeo hiki?"

"Nikipika chache je?"

"Sinia tupu mbele ya wageni? Hiyo itamuua kabla ya biskuti."

Nikazikata kwa kifuniko cha chupa badala ya gilasi, ziwe ndogo. Nikazidisha samli, nikidhani kwamba kitu laini kitayeyuka kinywani kabla hakijafika kooni. Nilizipalia makaa machache, nikakaa na kuzitazama kama mtu anayetazama chungu cha sumu.

Alhamisi ikafika. Shangazi na mimi tulikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango wa ukumbi, kama desturi ilivyo wanaume wanapokula. Nilijifunika mtandio kichwani mapema, bila ya kujiuliza kwa nini. Wageni walinawa mikono. Niliisikia sauti ya yule wa Kiuyu.

"Mie nlipanda gari nikidhani naja kukuzika, kumbe waniandalia chakula!"

"Utangoja sana," baba akamjibu. "Kula."

"Na hizi biskuti vyereje? Kama vifungo vya shati."

"Binti yangu anayaonea huruma meno yako."

Walicheka. Yule wa Wingwi naye alicheka, puani. Kisha nikaanza kuzisikia biskuti zikivunjika. Nisingeamini kwamba sikio laweza kumtambua mtu kwa anavyotafuna, lakini baada ya muda mfupi nilimjua baba kati ya watatu: alitafuna upande mmoja, polepole, kwa mwanya katikati. Kila mwanya nilizuia pumzi. Alikuwa akila huku anazungumza, kwa sababu mwenyeji asiyezungumza huwa kama aliyechoshwa na wageni. Kulikuwa na mchuzi mbele yake. Hakuchovya. Kwa rika lake kuchovya biskuti mpaka ilainike ni kazi ya watoto na vikongwe.

"Kuleni," nilimsikia akisema. "Mbona mnalegalega?"

"Twala, bwana. Kula nawe."

"Nala."

Ndivyo walivyofuatana, huyu akimhimiza yule, na biskuti zilivyokuwa ndogo ndivyo zilivyokuwa haziishi. Baba akaanza kueleza kisa cha shamba fulani la Kiuyu, akafika katikati ya neno.

Neno halikumalizika.

Nilingoja kikohozi. Shangazi alinishika mkono kwa nguvu. Hakikuja. Niliyasikia maneno ya daktari waziwazi kuliko nilivyoyasikia siku ile kwenye benchi, na nilipofahamu kuwa nimesimama, pazia lilikuwa nyuma yangu. Baba alikuwa amekaa wima, mkono wake wa kulia uko shingoni, macho yamemtoka, midomo imeanza kupoteza rangi. Yule wa Wingwi alikuwa ameshamshika bega. Nilimwinamisha mbele na kumpiga kwa kiganja kati ya mabega, tena na tena. Nilimpiga baba yangu mbele ya watu, kwa nguvu zangu zote. Hatimaye kikohozi kikaja, na unga uliolowa, na pumzi yenye mlio mbaya ambao mpaka leo ndio sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kuzisikia.

Samli ilikuwa imezidi. Biskuti haikuyeyuka, ilimong'onyoka ikawa chembechembe.

Tulimpa muda. Aliyafuta macho yake, akajiweka sawa juu ya busati, akawatazama wageni wake. Mikono yao ilikuwa mapajani.

"Kuleni," alisema kwa sauti ya kukwaruza.

Wakasita.

"Kuleni, jamani! Au biskuti mbaya?"

Yule wa Kiuyu, kwa kuchanganyikiwa, akachukua moja. Baba alipomuona mgeni anakula, naye akapeleka mkono. Nikaliona kwa ukamilifu lile lililokuwa likinitisha tangu asubuhi ya uji: kwamba atafuatana nao mpaka sinia liishe au yeye aishe. Nikainama. Nikaliinua sinia mbele ya mikono yao.

Aliyelelewa Pemba hahitaji kuelezwa nilichokifanya. Kumwondolea mgeni chakula mkono wake ukiwa njiani ni kumwambia mbele ya macho yake kwamba hatakiwi, na anayesemwa kuwa kafanya hivyo si mwanamke wa ndani, ni mwenye nyumba. Nilisimama na sinia mikononi.

"Alhamdulillahi," yule wa Kiuyu akasema haraka. "Tumeshiba."

"Hamjashiba," baba akasema. Hakunitazama.

Baada ya usiku ule sikujua nimwogopee kipi. Alikula uji wake kama alivyopewa, akaacha kama alivyoacha. Hakukasirika kwa sauti, ingekuwa nafuu. Nilipompelekea maji ya kutawadha alisema asante, kama anayemshukuru mtu wa nyumba nyengine. Siku moja tu, nilipokuwa natandika kitanda chake, alizungumza.

"Watu wangu wametoka na njaa nyumbani kwangu."

"Baba, ningekuzika."

"Ungenizika na heshima yangu."

Nilimaliza kutandika, nikatoka. Niliona anavyopungua. Mabakuli yalirudi jikoni yakiwa nusu, kisha zaidi ya nusu. Ningeweza kulilinda koo lake kwa hila zote ninazozijua na bado nikampoteza, kwa sababu mtu haishi kwa koo peke yake. Na wale wageni, baada ya fedheha ile, wangerudi kwa uso gani? Alhamisi ya pili ilipofika, baba alivaa kanzu yake safi bila ya kusema neno, akakaa ukumbini kungoja. Nilijua kwamba wasipokuja, sitaweza kumlisha tena kitu chochote.

Nikapika. Samli nilipunguza, donge nikalikanda zaidi, ili biskuti iwe ngumu ya kushikamana: ikiingia katika mchuzi iunywe yote, ilegee nzima, isiachie chembe. Lakini ilimlazimu achovye, na nilijua hatachovya. Nilizipalia makaa nikiwa na hofu ya kila namna, hofu ya kuja kwao na hofu ya kutokuja.

Adhana ya Magharibi ikapita. Baba alisali akiwa amekaa. Njiani palikuwa kimya. Kisha:

"Hodi wenyewe! Hodi!"

Shangazi aliinua mikono juu kimyakimya. Walinawa. Nilipenyeza sinia na bakuli la mchuzi kupitia ukingo wa pazia, nikarudi nyuma.

"Mie leo unisamehe," nilimsikia yule wa Kiuyu akimwambia baba. "Sili kikavu. Jino limenishika tangu juzi, silali. Mpaka nichovye, na kichovyeke hasa."

"Weye?" baba akasema. "Umeshakuwa bibi kizee?"

"Niite utakavyo. Lakini sili peke yangu kama mtoto. Mkinichekelea naondoka."

Yule wa Wingwi, ambaye sikumbuki kumsikia akianzisha mazungumzo hata siku moja, akasema:

"Mie nachovya."

Shangazi alinisogelea sikioni. "Jino gani?" alininong'oneza. "Huyo namjua tangu ujana. Meno yake yavunja kifuu."

Nilipeleka jicho kwenye mwanya wa pazia. Baba aliishika biskuti yake juu ya bakuli, akamtazama mgeni wake, ambaye alikuwa ameinamia mchuzi kwa bidii kubwa, ameshika shavu kwa mkono wa kushoto. Sikuweza kujua baba anajua nini. Uso wake ulikuwa ule wa mwenyeji.

"Haya," alisema. "Mgeni haachwi peke yake." Akachovya. Akangoja mpaka ikalegea.

Mchuzi ukaisha upesi.

"Nyie huko ndani!" aliita, na ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima kuniita. "Mtu ana jino bovu, mnamtilia mchuzi wa kukadiria?"

Nilijaza bakuli jengine nikarudi nalo mpaka kwenye pazia, nikasimama. Upande wa pili sauti zilikuwa zimekatika. Nilijua baba ana kitu kinywani. Mchuzi ulianza kumwagika juu ya vidole vyangu, wa moto, na sikuweza kusogea. Nikamsikia akimeza. Kisha nikamsikia akimwambia mwenzake aongeze.