Ngalawa Iliyojazwa Maji Uani

Nilipoolewa Gazi, katikati ya miaka ya hamsini, mume wangu alikuwa mkata boriti. Kutwa alikuwa mikokoni na shoka lake, matope hadi magotini, na bahari aliijua ile ya ndani ya mwamba tu, iliyotulia. Mimi nilikuwa binti wa mvuvi wa Msambweni, mtu wa nje ya mwamba, na nadhani jambo hilo lilimkaa moyoni. Hakuwahi kulisema. Lakini siku moja alirudi kutoka Vanga na ngalawa kuukuu, imefungwa nyuma ya mashua ya watu, akaniambia kwa upole kwamba boriti zimemchosha mgongo. Sasa atavua.

Ngalawa yenyewe ilikuwa imekauka, na ubavu mmoja umepasuka. Tuliiweka uani. Mama mkwe alinung'unika kwamba imemzibia njia, kisha akawa yeye wa kwanza kukaa chini kusokota pamba ya kuzibia nyufa. Mume wangu aliisukuma pamba ile ndani ya mbao kwa patasi, taratibu, halafu akapaka sifa, yale mafuta ya papa. Harufu yake iliingia kwenye nguo, kwenye wali, kwenye nywele zangu. Jirani waliokuja kuazima moto walisimama mlangoni, wakapokea kaa lao na kuondoka.

Tanga nililishona mimi na mama mkwe, kwa amerikani ya dukani. Tulikaa barazani, kila mmoja na upande wake wa kitambaa, tukazungumza mambo ambayo tangu niolewe hatukuwa tumepata nafasi ya kuyazungumza. Mshono wake ulinyooka kuliko wangu. Aliutazama wangu, akanyamaza, nami nikamshukuru kimoyomoyo.

Mume wangu alitia mishipi yake rangi kwa magome ya mkoko ili isioze upesi, akatafuta ndoana, jiwe la nanga, upo wa kutolea maji, na mtungi wa maji ya kunywa. Vyote vikawa tayari, naye akawa haondoki. Nilijua sababu. Hakuna atokaye nje ya mwamba peke yake mara ya kwanza, na wa kumchukua alikuwa baba yangu. Ila baina yao palikuwa na haya ya ukwe. Wakikutana, mume wangu alimwamkia shikamoo, baba akaitikia marahaba, basi, kila mmoja akatafuta pa kutazama.

Nikaenda Msambweni kumweleza baba. Siku chache baadaye akatokea uani kwetu asubuhi, akaizunguka ngalawa, akaigongagonga kwa vidole, akaomba maji. Mume wangu nami tukateka kisimani ndoo kwa ndoo, naye akayamimina ndani ya ngalawa mpaka ikakaribia kujaa. Kisha akachuchumaa kuitazama kwa nje. Tukangoja. Chini, karibu na omo, kule mbele ya chombo, likatoka tone, likafuatwa na jingine.

Mume wangu aliinamisha kichwa.

"Bora imevujia hapa," baba akamwambia. "Lete patasi, mwanangu."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Waliyamwaga maji, wakainama wawili ubavuni, na toka jikoni nikawasikia wakiulizana namna ya kukaza zile mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke. Mchana walikula sinia moja. Mama mkwe alilisimulia hilo mtaa mzima.

Mbao zilipokauka na ufa kuzibwa upya, walitoka alfajiri moja maji yakipwa. Mimi nilikwenda mwambani kutafuta pweza, nikaliona tanga letu likipita mlango wa mwamba. Siku ile sikupata pweza hata mmoja, maana macho hayakuwa chini.

Walirudi alasiri na nguru mkubwa na changu kadhaa. Baba alisema chombo kiko sawa. Mume wangu, uso umempauka, alitabasamu tu, akaingia ndani kulala. Nikamwuliza baba kulikoni.

"Ametapika tangu tulipovuka mwamba," alisema kwa sauti ya chini, mama mkwe asisikie. "Na mshipi hakuuachia. Nguru huyu ni wake. Kesho mfungie ndimu, anyonye akichafukwa."

Hakuizoea kabisa bahari ile. Miaka yote aliyovua nje ya mwamba, yalipochafuka maji alitapika, akanawa uso, akateremsha mshipi. Baba alitoka naye mpaka nguvu zilipomwishia, kisha akahamia kwetu Gazi. Kila jioni mume wangu alimpitia kwanza yeye, kabla ya kuoga, akakaa kando ya kitanda chake kumweleza maji yalivyokuwa na samaki walikokuwa. Nami niliwapelekea kahawa, nikawaacha na mazungumzo yao.