Taa ya Kijani Kule Kawangware

Wewe wacha. Usiniambie ati moshi ni moshi. Jana pale base ya boda Kianda ulicheka mbele ya watu ukasema, "Buda, sisi tumekulia moshi ya makaa na plastiki, betri ndio itatumaliza?" Sikukujibu sababu ningekuchapa. Leo nakujibu na karatasi.

Na usidhani nakuona mjinga. Mimi nilisema hivyo hivyo, na mdomo mkubwa kukushinda.

Anti yangu, dada mdogo wa mamangu, ndiye alinilea tangu tutoke kule ziwani. Alikuwa anapika chapati na maharagwe, ile chapo madondo, Kawangware, kwa kibanda imeegemea ukuta ya mabati. Nyuma ya hiyo mabati kulikuwa na stoo ya betri, zile za pikipiki za stima. Nzima zimepangwa kwa shelfu zinachajiwa, mbovu zimerundikwa kwa kona zikingoja fundi. Anti alipenda hiyo stoo. Watu wa pikipiki wakingoja betri, wanakula.

Mimi sijasomea hii kitu ya kupima hewa. Nilijifunza kwa simu, skrini imepasuka. Nikachukua kontena ya lunch, feni ya kompyuta iliyokufa na sensa ya kuhesabu vumbi ndogo ndogo, nikaweka taa tatu: nyekundu, njano, kijani. Hiyo mashine niliitengeneza sababu ya takataka zinachomwa karibu na nursery hapo mtaa wa Raila. Tulipiga kelele na hiyo taa nyekundu mpaka wakahamisha jalala. Basi anti akaanza kuniita daktari wa hewa. Alikuwa anaambia wateja hata kama hawajauliza.

Stoo ilishika moto asubuhi, saa nne hivi. Nilipofika, watu wa car wash ya hapo kando walikuwa wamemwaga mitungi zao zote, wengine wanatupa mchanga na sufuria. Moshi haikuwa nyeusi vile unafikiria. Ilikuwa nyeupe, nzito, inatambaa chini kama haitaki kupanda, na harufu tamu tamu kama rangi ya kucha. Tukafanya ile kitu huwa tunafanya. Maziwa. Mtu alileta kreti nzima kutoka dukani, kila mtu akang'oa kona ya pakiti na meno. Anti alikunywa mbili, akapanguza mdomo na leso.

"Sasa kifua imeoshwa," akasema. Nikacheka. Nilikuwa nimekunywa moja mimi pia.

Saa nane moto ilikuwa imeisha. Mwenye plot, mzee wa hapo hapo tangu enzi za mashamba, akaniita. "Kijana, leta hiyo mashine yako. Hawa wamama wanaogopa bure."

Nilisimama barabarani, mahali kila mtu ananiona. Upepo ilikuwa inanipiga mgongoni, inasukuma kila kitu upande wa vibanda. Nikainua kontena juu kama kombe ya mpira. Dakika tano.

Kijani.

"Iko sawa! Fungueni!" Watu wakapiga makofi. Anti hakupiga. Alinisongea, akaniuliza pole pole, "Nyathina, una hakika?" Nyathina kwa kwetu ni mtoto wangu.

"Anti, mashine haidanganyi."

Akafunga leso kiunoni, akaenda kuwasha jiko. Kwa ile kona, zile betri mbovu zilikuwa bado zinafanya ssss chini ya mchanga. Nilisikia. Nikasema ni maji inakauka.

Siku ya pili akaanza kukohoa. Siku ya tatu macho zimekuwa nyekundu, analala ameketi. Mama mboga wa hapo kando alimwambia, "Dada, nenda hospitali, hiyo kikohozi si ya baridi." Anti akamjibu, "Nyathina alipima." Mama mboga akarudia kesho yake. Anti akakasirika kabisa, ati watu wanataka kuharibia mtoto wake jina. Mimi nilikuwa nimeketi hapo. Nikamwendea maziwa.

Siku ya tano tulimbeba. Daktari akasema mapafu imejaa maji, akauliza alikuwa anafanya kazi wapi. Nilimweleza. Hakuapa ni betri, alisema inawezekana. Alafu akauliza, "Na mbona mlikaa siku hizi zote?" Nilikuwa nimeshika kiondo ya anti.

Tulimzika nyumbani, kando ya kaburi ya nyanya.

Niliporudi Nairobi ndio nikasoma. Betri kama hizo zikiungua zinatoa gesi ya asidi, inachoma mapafu pole pole, na gesi si vumbi. Sensa yangu inajua vumbi peke yake. Nilituma kipofu akaniangalilie rangi. Na unapima pale upepo inaenda, si pale inatoka. Unapima chini, kwa kimo ya mtu ameketi kwa jiko. Unapima siku nyingi, sababu betri inaweza kukaa kama imekufa alafu ianze tena. Na maziwa inaenda tumbo, haiendi mapafu. Hiyo yote ilikuwa kwa simu hiyo hiyo yangu. Sikuwa nimesoma. Nilikuwa napigiwa makofi.

Stoo imefunguliwa tena. Mabati mpya, inang'aa. Kwa kibanda ya anti kuna msichana mwingine anapika, mtoto mgongoni. Wiki iliyopita nilienda kuangalia tu. Akanijua.

"Brathe, si wewe ndio ule wa kupima? Hebu nipimie. Hapa iko poa?"

Nilimwambia ahame. Akacheka, akageuza chapo. "Nihame niende wapi? Hapa ndio nimepewa." Mtoto alikuwa anakohoa kidogo, labda homa, sijui. Sikuwasha taa.

Sasa wewe wa moshi ni moshi, ungemwambia aende wapi?