Sikio Langu Lililokatwa Keumbu

Mwaka wa 1972 sikio langu la kushoto lilizaa.

Usicheke. Lilizaa kitu cha mviringo, kigumu, kinachong'aa kama tunda la kahawa lililoiva. Wala halikuniomba ruhusa.

Mimi ni Persis. Wakati huo nilikuwa nauza vitambaa katika duka moja Kisii mjini. Msichana wa mshahara, mchumba wake mwalimu. Yaani nilikuwa nimefika. Kilichobaki ni herini tu.

Rafiki yangu Hawo, binti wa mzee Warsame wa duka la jirani, ndiye aliyenitoboa. Akapitisha sindano kwenye moto, akanishika kichwa, ikaisha.

Sikio la kulia likapona kwa adabu.

La kushoto likatunga usaha, likapona, halafu likaendelea kupona. Kidonda kilishafunga zamani, lakini ngozi ilikataa kufunga kazi.

"Nimetoboa masikio ya mtaa mzima," Hawo akaniambia, akiligeuzageuza kwenye mwanga. "Lako tu ndilo linaniaibisha."

"Pole kwa usumbufu," nikamjibu.

Kanisani kwetu mapambo yalikuwa dhambi, kwa hiyo uchunguzi haukuchukua muda. Mungu alikuwa amenipiga. Wezi wa ng'ombe aliwaruka, walevi akawaruka, akaja moja kwa moja kwenye sikio la muuza vitambaa.

Washauri nao hawakukosekana. Paka majivu ya maganda ya ndizi. Sugua na unga wa mawe ya sabuni, yale ya kuchongea vinyago. Paka mate ya asubuhi kabla hujasalimia mtu.

Nilipaka vyote. Kitu kikanenepa.

Mchumba wangu Abner, mwalimu kule Nyaramba, hakusema anaona haya. Ni mtu mstaarabu. Alianza tu kutembea upande wangu wa kulia.

Mama yake, Bitutu, akaja kuniona kabla wazee hawajapanga mahari. Akaliangalia sikio kuliko alivyoniangalia uso.

"Hiki ni kitu cha ukoo," akasema. "Kwetu hatuna."

"Ni kovu tu, mama."

"Kovu hukaa mahali pake. Hilo linatembea."

Jioni hiyo Abner akapata jibu, kama kawaida ya wasomi.

"Likatwe tu, Persis. Kuna mtu Keumbu."

Mtu huyo aliitwa Nyamongo. Aling'oa meno, akapasua majipu, akatibu mbuzi, vyote juu ya meza moja nyuma ya soko. Alikuwa na wembe, chupa ya spiriti na kujiamini. Hasa kujiamini.

"Ni nyama tu," akasema. "Ikitoka imetoka."

Abner alinishika mkono mpaka damu ilipoanza kutiririka. Ndipo akakumbuka kwamba ameacha baiskeli nje.

Lakini kusema kweli, sikio lilikuwa zuri. Likakauka, likawa tambarare. Abner akaanza kutembea upande wowote. Bitutu akakubali siku ya ng'ombe itajwe.

Ng'ombe hawajafika, sikio likaanza kuwasha.

Safari hii kovu lilirudi kubwa kama ndimu, likavuta sikio chini. Sikuweza kulilalia. Wateja waliuliza bei ya kitambaa huku wakiliangalia, nikawa sijui wanataka kununua nini.

Bitutu akasimamisha ng'ombe. Abner akatuma mwalimu mwenzake aniambie tungoje kwanza. Hata kuja mwenyewe alishindwa.

Siku hiyo nililia stoo, katikati ya marobota ya vitambaa. Hapo sikuwa na maneno ya kejeli. Nilimpenda yule mtu.

Hawo akanikuta huko. Akanifunga leso kichwani, akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana anaitwa Manasseh. Akalibonyeza taratibu.

"Nani alikata?"

"Mtaalamu."

"Wa nini?"

"Wa mbuzi, hasa."

Hakucheka. Akavuta kiti.

"Hii inaitwa keloidi. Kovu la kawaida hubaki ndani ya mipaka ya kidonda, na mara nyingi hulainika lenyewe kadiri muda unavyopita. Hili huvuka mipaka. Si laana, si saratani, haliambukizi. Kuna watu, mara nyingi wa damu moja, ambao ngozi yao hujitengeneza kupita kiasi. Ukikata tu, umeipa kidonda kipya cha kutengeneza."

"Kwa hiyo nikae nalo?"

"Unaweza. Halitakuua. Au tunadunga dawa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki kadhaa, lipungue na liache kuwasha. Likikubali, tunalikata vizuri, tunaendelea kudunga, na utavaa kibanio cha kuligandamiza. Hata hivyo linaweza kurudi. Atakayekuahidi vingine, mkimbie."

Sindano ile iliuma mpaka nikakumbuka majina ya mababu. Lakini nilirudi, na nikarudi tena. Mwishowe kilibaki kivimbe kidogo na ngozi iliyopauka. Si sikio jipya. Ni sikio linaloweza kulala kwenye mto.

Habari zikafika Nyaramba.

Asubuhi moja Bitutu akaingia dukani peke yake. Akashika kitambaa cha kwanza alichokiona, akasema anataka nimpime kule nyuma ya pazia.

Nikajua amekuja kufufua ng'ombe. Maneno yangu yalikuwa tayari, nimeyanoa kwa miezi.

Akafungua vifungo vya blauzi.

Kifuani mwake kulikuwa na kovu limesambaa kama kaa mwenye miguu mirefu, limeng'aa, limevuta ngozi.

"Uji wa moto," akasema. "Abner alikuwa bado ananyonya. Nililikata, likarudi na ndugu zake. Hata baba yake hajaliona mchana."

"Ulisema kwenu hakuna."

"Nilisema." Akatazama chini. "Nilipoona lako nililitambua; lilipokauka nikatumaini, likarudi. Nikawaogopea wajukuu. Damu yako na ya Abner, wangelirithi mara mbili." Akafunga vifungo. "Linawasha, mwanangu. Miaka yote linawasha. Yule daktari anaona watu siku gani?"

Maneno yangu yote yaliyonolewa yakapotea.

"Jumanne," nikasema.

Tulikaa benchi moja. Daktari Manasseh akatazama kifua, akatazama sikio, akatabasamu.

"Mama na binti. Si nilikwambia hii hufuata damu?"

Hakuna aliyemsahihisha.

Abner alikuja baadaye na ng'ombe wake. Nikamwambia awapeleke kwingine, akawapeleka kwa msichana wa Nyamarambe. Lakini mama yake nilienda naye hospitali mpaka kovu likalainika na akaanza kulala usiku kucha. Halikwisha. Siku nilipoolewa na mtu mwingine, Bitutu alikuja akaketi na mama zangu. Wageni wakauliza ni wa upande gani.

"Wa bibi harusi," akajibu.

Basi wewe wa siku hizi, kovu likivuka mpaka wake, nenda hospitali kabla hujaenda kwa mwenye wembe. Na mtu akilidharau kovu lako kwa sauti kubwa sana, usibishane naye. Mwelekeze tu kliniki ilipo.